Kigego wa Nairobi: albamu ya Duma na watu walioipenda

Mhadhara uliotolewa Kwamkoro, Usambara Mashariki

Wengi wenu mmetoka shambani jioni hii hii. Mmepima chai yenu, mmenawa, mkaja.

Mgeni akilala Kwamkoro kwa mara ya kwanza, usiku wa manane hujikuta amekaa kitako kitandani. Amesikia kitu msituni. Kimeanza kama mlango mbovu unaofunguliwa polepole, kikapanda, kikawa yowe la mtu anayekabwa koo, kisha kikakatika. Asubuhi huuliza kwa sauti ya chini kama kuna aliyeuawa. Tunamjibu: ni perere huyo. Mnyama asiyemzidi sungura sana kwa ukubwa, makazi yake juu ya miti, chakula chake majani, na usiku huwaita wenzake. Mgeni yule akikaa wiki mbili, yowe halisikii tena, anamsikia perere. Akikaa mwaka mzima, usiku ambao perere hakulia ndio unaomkosesha usingizi.

Leo nimekuja kuzungumzia albamu moja ya muziki ambayo wengi mkiisikia mtauliza nani anauawa, na kuzungumzia watu walioipenda mpaka wakashindwa kunyamaza. Nasema mapema kwamba mimi ni mmoja wao. Na ninawaheshimu mashabiki hao kuliko tunavyozoea kuwaheshimu mashabiki wa kitu chochote, maana tumezoea kumwona shabiki kama mtu aliyepagawa tu, asiyejua analolipenda.

Albamu inaitwa Duma, na kundi lililoitoa nalo linaitwa Duma. Ilitoka Agosti 2020. Kundi lenyewe lilikuwa la vijana wawili wa Nairobi. Martin Khanja, anayejulikana pia kama Lord Spikeheart, ndiye mwenye sauti. Sam Karugu ndiye mwenye gitaa na mitambo. Kabla ya hapo walipiga katika bendi za roki kali, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, bendi za jiji ambalo mashabiki wa roki ni wachache na wanafahamiana kwa sura. Mwaka 2019 walikwenda Kampala wakarekodi nyimbo tisa katika studio ya lebo iitwayo Nyege Nyege Tapes. Naona akina mama mmeinama, kwa hiyo nilieleze jina hilo tumalizane nalo: kwa Kiganda linatoka kwenye neno la hamu ya kucheza inayomvaa mtu ghafla asiweze kuizuia. Maana yetu ya pwani, isiyotajwa mbele ya wakwe, siyo iliyokusudiwa.

Jina la Duma nalo lina pande mbili. Sisi tukilisikia tunamwona mnyama mwenye madoadoa anayewashinda wote kwa mbio. Wao wamesema wamelitoa katika Kikuyu, na kwamba maana yake ni giza. Mimi nimeshindwa kuzitenganisha maana hizo mbili. Kila nikiisikiliza albamu ile naona giza linalokimbia.

Kuna maneno matatu ninayoyahitaji. Panki ni roki iliyovuliwa mapambo: nyimbo fupi, gitaa la kukwaruza, na ruhusa kwa kijana yeyote kuanzisha bendi hata kama anajua mikao mitatu tu ya vidole. Ilishika moto New York na London katikati ya miaka ya 1970. Hadikoo ni mtoto wa panki, wa Marekani: mwendo ukaongezwa, nyimbo zikafupishwa zaidi, kuimba kukawa kupaza sauti kwa kifua chote. Graindikoo ni mjukuu, naye akazidisha mpaka ngoma zikawa mvua ya mawe juu ya bati. Duma waliutwaa ukoo huo mzima, kisha wakauvunja. Katika albamu yao hakuna mpiga ngoma. Ngoma zinatoka kwenye kompyuta, kwa kasi ambayo mikono ya binadamu haiifikii. Gitaa limezamishwa ndani ya mngurumo, mara linaonekana, mara linapotea. Kuna mlio wa viwandani, kuna mapigo ya muziki wa kuchezea usiku kucha, na juu yake sauti ya Martin: inanguruma, inapiga ukunga, inanong'ona, inarudi. Anayetafuta kiitikio hakipati.

Niliisikia mara ya kwanza hapa hapa, barazani kwa bibi yangu mzaa mama. Ilikuwa mwaka ule ule wa 2020. Mpwa wangu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam baada ya kazi yake kusimama, kijana wa miaka 22, siku nzima hasemi. Jioni moja akanifuata na simu. "Mjomba, sikiliza hiki." Akabonyeza. Nilivumilia labda sekunde thelathini, nikanyoosha mkono nizime. Akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema, "Subiri." Nikasubiri. Kila nilipotaka kukata tamaa akainua kidole: subiri, hapa, sasa. Na kweli, pale alipoinua kidole kitu kilitokea: ngoma zikageuka, au sauti ikashuka chini kabisa kama mtu aliyepiga magoti. Mpwa wangu alikuwa ameisoma albamu ile kama anavyosomwa mtoto na mama yake, anajua kilio kipi ni cha njaa na kipi ni cha usingizi.

Bibi alikuwa ndani anachambua mchicha. Akatoka na ungo wake, akasimama mlangoni, akasikiliza. Akauliza, "Huyo mtoto anayelia, kafanywa nini?"

"Halii, Bibi. Anaimba."

"Najua anaimba. Hata msibani watu wanaimba. Nauliza kafanywa nini."

Hatukuwa na jibu. Nitalirudia swali lake, maana katika yote niliyoyasikia kuhusu albamu hii sijaona swali lililoizidi hilo.

Kwanza niseme juu ya mchanganyiko, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojikwaa. Husemwa: kama ni roki, iwe roki, kama ni muziki wa kompyuta, uwe wa kompyuta, kama ni Waafrika, wapige vya Kiafrika. Sisi wa milima hii tuna hadithi ya mtu aliyezaliwa bila kufuata utaratibu. Mnaijua kuliko mimi. Iko katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilichochapwa kwanza Magila, hapo chini yetu Muheza, na kabla ya kitabu ilikuwa vinywani mwa wazee. Mbegha alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Alikuwa kigego. Kwa desturi ya wakati ule kigego ni nuksi, hapaswi kuishi. Alinusurika, akakua, na ndugu zake hawakumsahaulisha meno yake. Wakamnyima urithi, wakamfukuza. Akawa mwindaji wa nguruwe, akapanda milima ya Usambara upande wa pili wa bonde la Lwengera, na huko akagawa nyama. Wasambaa wakala, wakampa vyakula vya mashamba yao, wakampa mke, na mwisho wakampa Vuga. Mwana wa nuksi akawa Simba Mwene.

Watu wakisimulia hadithi hii humsifu Mbegha. Mimi huwawaza zaidi wale wa kwanza waliokula nyama yake. Mgeni ametoka porini na mbwa wake na mikuki, hana ukoo unaojulikana, na wewe unakaa kwenye moto wake, unatafuna, unarudi kijijini kuwaambia wenzako: njooni mwonje. Pasipo watu hao, Mbegha angekuwa mwindaji mmoja aliyepita msituni na kufa. Duma ni albamu iliyoota meno ya juu kwanza, na mpwa wangu ni mmoja wa wale waliorudi kijijini na kipande cha nyama mkononi.

Aliipataje? Kwa njia ya singeli, na hili lilinifundisha mengi. Lebo ile ya Kampala ndiyo iliyotoa mwaka 2017 mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, wa singeli iliyotengenezwa katika studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Mpwa wangu alikulia kwenye singeli. Mwendo wake mnaujua: mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, mengine yanakaribia 300. Mafundi wa Mburahati, Manzese na Tandale walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza kwenye kompyuta mpaka kinanda kikalia kama ndege, na mtu wa kughani akapanda juu yake bila kupumua. Kijana aliyezoea hilo hashtushwi na kasi ya Duma. "Mjomba," aliniambia, "wewe unasikia fujo. Mimi nasikia mtu wa Nairobi aliyepita Mburahati usiku." Sijui kama akina Martin na Sam wangekubali maelezo hayo. Kwa shabiki ni ya kweli, kwa sababu ndiyo njia aliyoingilia.

Wazee wa Tanga, msijitenge na jambo hili. Taarabu mliyooana nayo haikushuka hivyo ilivyo. Unguja iliendeshwa na fidla, udi na kanuni. Hapa Tanga, miaka ya 1960, Black Star na baadaye Lucky Star wakaingiza gitaa la umeme na besi, wakapunguza wapigaji, wakasogeza mwendo karibu na dansi, na Shakila akaimba juu ya hayo kwa sauti ambayo mpaka leo ikitoka redioni mama huacha mwiko. Huo ulikuwa mchanganyiko. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walitoka Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, kisha mwaka 1971 wakavuka mpaka, na Kenya ikawajua kama Simba Wanyika. Kwa miaka mingi Nairobi ilicheza gitaa lililotoka kwetu. Sasa Nairobi imetuletea gitaa lake, limeungua, linatoa moshi. Tulipokee kama walivyolipokea letu.

Na panki yenyewe haikuwa safi hata siku moja. Katika London ya mwaka 1978 aliyeongoza bendi ya X-Ray Spex alikuwa binti aliyejiita Poly Styrene, baba yake Msomali, na katikati ya magitaa aliweka saksafoni. Hadikoo ya Marekani, ile inayodhaniwa kuwa muziki wa vijana weupe wenye hasira, mmoja wa mizizi yake mikuu ni Bad Brains, vijana wanne weusi wa Washington. Walianza na muziki wa jazi wenye ufundi mgumu, wakageukia panki, wakaipiga kwa kasi iliyowaacha wenzao nyuma, kisha wakawa Rasta na kuweka nyimbo za rege katikati ya zile za kasi. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1982 ilitoka kwa kaseti tu. Wanaokumbuka kaseti mnajua ilivyosafiri: mtu anamrekodia mtu, naye anamrekodia mwingine, mlio unafifia kidogo kila mara na mapenzi yanaongezeka.

Nimesema Rasta. Hapa ndipo nilipoanza kupata jibu la bibi.

Mwaka 2024, mwezi wa Aprili, Martin alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa lebo aliyoianzisha na kuiita Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya mama wa babu zake, Muthoni wa Kirima. Jina hilo wazee wanaofuatilia habari za Kenya wanalijua. Muthoni alikuwa mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildimashali katika Mau Mau. Alipigana katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, na hakutoka msituni mpaka uhuru wa Kenya ulipofika, Desemba 1963. Nywele alizozifuga huko hakuzikata. Alibaki nazo, zimesokotana, zikashuka mpaka chini ya kiuno, kwa karibu miaka 60 ya uhuru, kwa sababu kwake uhuru alioupigania ulikuwa haujakamilika. Zilinyolewa Aprili 2022, na aliyemnyoa ni Mama Ngina Kenyatta. Muthoni alifariki Septemba 2023.

Wapo wanaosema kwamba Rasta wa Jamaika waliziona nywele za wapiganaji wa Mau Mau katika picha za magazeti, wakazifuata. Wataalamu wanabishana juu ya hilo na mimi siwaamulii. Ila tazama safari yenyewe kama ni hivyo: kutoka msitu wa Nyandarua hadi Kingston, kutoka Kingston hadi kwa vijana wa Washington waliotia rege ndani ya hadikoo, na kutoka kwenye hadikoo hadi kwenye koo la kitukuu wa mwanamke wa msituni. Halafu mtu anasimama na kumwambia kijana huyo kwamba anapiga muziki wa watu wengine!

Bibi aliuliza kafanywa nini. Nilipomsomea habari za Muthoni, alikaa kimya muda mrefu. Akauliza, "Aliishije msituni miaka yote hiyo?" Nikamwambia ninayoyajua, baridi, mvua, njaa, maiti za wenzao, na mama aliyepoteza mimba huko huko. Bibi anaujua msitu. Ametafuta kuni kwenye msitu huu tangu kabla haujawekewa mipaka. Akasema, "Basi huyo mtoto analia kilio cha bibi yake. Bibi mwenyewe hakupata nafasi." Nimesoma uchambuzi mwingi wa albamu za Martin na wa ile ya Duma, mwingine mzuri sana. Sijasoma uliogusa mahali hapo.

Kuna sifa ambazo hazikunifurahisha. Albamu ya Duma ilipotoka ilisifiwa sana Ulaya na Marekani, na ilistahili. Lakini ndani ya baadhi ya sifa hizo niliona mshangao tu: kumbe hata Nairobi wanaweza! Anayesifu hivyo hajasikiliza bado. Amemwona perere mchana, amempiga picha. Shabiki ninayemsema mimi ni yule anayebaki baada ya mshangao kwisha, anayejua wimbo wa saba unaingiaje baada ya wa sita, anayegombana na rafiki yake usiku kucha kama gitaa lilipaswa kusikika zaidi. Ugomvi huo ni kazi. Muziki mpya hauna wazee wa kuusemea. Hauna ngoma ya harusi inayouhitaji, wala redio ya asubuhi. Una vijana waliokaa vibarazani na simu moja, sikio moja kwako na sikio moja kwangu, wakiutungia maneno kwa sababu maneno yake bado hayapo. Mpwa wangu alikuwa na neno lake la zile sehemu ambazo ngoma zote zinakatika na sauti inabaki peke yake: aliziita "kisimani". Hakulitoa popote. Nami sasa siwezi kuzisikia sehemu hizo bila kuona mtu ameinamia kisima.

Wazazi mna wasiwasi, na sitaupuuza. Wimbo mmoja katika albamu ile una jina linalotaja kujiua. Sikulipenda jina hilo, na bado silipendi. Nilimuuliza mpwa wangu ana kwa ana, kwa sababu ulikuwa mwaka mgumu kwake na niliogopa. Alifikiri kwanza. Akasema, "Mjomba, nilipokuwa kimya ndipo mngepaswa kuniuliza. Siku nilipoanza kusikiliza hii ndiyo siku nilipoanza kula." Akaeleza kwamba ndani yake mlikuwa na kelele kubwa kuliko ile ya simu, na aliposikia kuna mtu mwingine anayo, na ameitoa nje, ameipanga, ameifanya kazi ya mikono, kifua kikawa chepesi. Sisemi kila kijana ataponywa hivyo. Nasema mlio wa huzuni nyumbani si lazima uwe ndio ulioleta huzuni. Mkae nao wasikilizapo. Muulize swali la bibi.

Nimeombwa nisimalize bila kuwachezea muziki wenyewe. Spika mbili zimefungwa, jenereta imewashwa kwa tahadhari. Tutasikiliza wimbo wa kwanza wa Duma tangu mwanzo mpaka mwisho bila mtu kusema. Bibi yangu yuko hapa mbele. Ameniambia anataka kukaa karibu na spika ya kulia, maana sikio la kushoto limechoka. Mpwa wangu atakaa pembeni yake, kama kawaida yake, na kidole chake tayari. Naomba walio mlangoni wasogee ndani, na anayekaa karibu na swichi atuzimie taa.